Kinasa Namba Nne

6 Aprili

Mama amepandisha kuni darini, kwa hiyo masika yameanza. Redio iseme itakavyo. Nyumbani kwetu kila kinachoogopa unyevu hupanda kwenye dari la jikoni, juu ya moto: mbegu za mahindi, viberiti, viatu vya doria vya Baba. Mama ametishia kupandisha na kompyuta yangu.

Nitaandika humu mpaka mvua ziishe. Ni miezi saba tangu nimalize chuo, na kazi niliyopata ni hii isiyo na mshahara. Watu wa mradi wa msitu wamekiachia kijiji kinasa sauti kimoja, kimeandikwa namba nne ubavuni, vingine viko vijiji vingine. Kimefungwa juu ya mti katikati ya mikulo yetu, miti mikubwa ya mbao inayonukia, kinasikiliza kama kuna wanaokata. Kinanasa tangu alfajiri hadi magharibi, faili moja kila saa. Walitaka kadi zinazohifadhi sauti ziwe zinapelekwa Dar es Salaam zikasikilizwe huko. Baba alisimama kwenye kikao akasema, "Za nini kwenda Dar? Binti yangu Shamsa amesomea."

Sikuwahi kumsikia akitaja jina langu mbele ya watu.

Baba ni mmoja wa walinzi wawili wa msitu wa kijiji. Mwingine ni Mzee Valentino, baba yake Perpetua niliyesoma naye. Wanapokezana wiki kwa wiki.

9 Aprili

Programu ya kusoma faili naiandika kwa lugha ya kompyuta iitwayo Rust. Ningeweza kuchukua lugha nyepesi na kazi iliyokwisha kufanywa na wengine, lakini kompyuta yangu ina kumbukumbu ndogo, na faili moja ya saa moja ni megabaiti mia na kumi na tano. Sauti haikubanwa hata kidogo. Sampuli, yaani vipimo vidogo vya sauti, ni elfu kumi na sita kila sekunde, kila sampuli baiti mbili, moja baada ya nyingine bila nafasi. Halafu nataka kujua mwenyewe kilichomo.

Baba alivuta kigoda akakaa nami. Nilimwonyesha kwamba baiti arobaini na nne za mwanzo ni utambulisho tu, zinasema hii ni sauti ya aina gani na ina urefu gani, na kinachofuata ni sauti yenyewe. Nikamwambia kwamba namba humo huandikwa ndogo mbele, kubwa nyuma.

"Kama majina yetu," akasema. "Shamsa, kisha Hamza, kisha Shemdoe."

Chuoni hakuna aliyenieleza vizuri hivyo.

"Na mtu akiizima hiyo mashine?"

"Pengo litaonekana, Baba. Programu inahesabu saa zote. Hata dakika moja ikikosekana, inalalamika."

"Na ikiwa inawaka, lakini haikusikia msumeno?"

"Basi siku hiyo hakuna aliyekata."

"Hodari," akasema, akanigonga kichwani kwa kidole kama zamani.

11 Aprili

Mvua. Hakuna jipya.

14 Aprili

Leo Rust imenikatalia mara kumi na tisa. Ni lugha yenye tabia ya mwalimu wa nidhamu. Ukifungua faili inakuuliza: isipofunguka utafanyaje? Ukisoma baiti nne: zikiwa tatu utafanyaje? Kuna neno moja fupi la kumnyamazisha, ambalo maana yake ni, naamini, endelea. Nimelipachika kila mahali ili kazi isonge. Nitarekebisha baadaye.

Wiki ya zamu ya Baba imeanza.

18 Aprili

Siku nzuri, naiandika kwa furaha. Mvua ilikuwa kubwa kiasi kwamba mji wa Soni huko bondeni haukuonekana kabisa, hata yale mawe makubwa ya upande wa pili. Nilihamia jikoni na kompyuta kwa ajili ya joto. Kabla ya saa nane mchana Baba alirudi amelowa mpaka mfupani, jana pia alirudi mapema hivyo hivyo. Akasema leo hakuna mwizi atakayetoka kwenye mvua kama hii. Akavua koti, akapanga vitu vyake darini, akakaa.

Saa tisa alasiri ndipo programu ilipokubali kwa mara ya kwanza. Ilisoma faili nzima mpaka baiti ya mwisho, ikachora mawimbi, ikasema: saa moja kamili, hakuna msumeno. Nilipiga kelele. Mama alidhani nimeungua.

"Shamsa, sogeza sufuria kwanza, ndiyo upige hizo kelele!"

Nikacheka, nikasogeza sufuria, nikamweleza Baba kwamba sasa hakuna atakayekata mti pale nisijue. Akasogeza mikono yake motoni.

"Nani atakudanganya wewe, mwanangu?" akasema.

Nimeiandika sentensi hiyo kama alivyoisema, nisije nikaisahau.

24 Aprili

Mzee Valentino amekuja na matope mpaka magotini. "Binti, kile kidude chako kimekufa tangu jana. Taa haiwaki." Betri nilizonazo ni za zamani. Nimemwambia nitanunua Soni kesho. Zamu ni yake wiki hii, naye alikuwa amehangaika kweli.

25 Aprili

Nimepeleka betri. Pengo la siku mbili, na kosa la ucheleweshaji ni langu.

Niliporudi nilikuta meza chumbani. Meza yangu! Baba ameniletea, "mhandisi hawezi kuandikia kwenye kitanda." Chumba kizima kinanukia dawa, ile harufu ya mkulo inayopanda puani kama mafuta ya kuchua. Mkulo hauruhusiwi kukatwa, kwa hiyo nilimuuliza. Alisema ni mbao za nyumba ya marehemu babu iliyobomolewa, zilikuwa zimelala kwa fundi. Miguu ya meza ina unyevu. Ni masika, kila kitu kina unyevu.

28 Aprili

Visiki vitatu vya mkulo vimeonekana, si hatua mia moja kutoka kwenye kinasa. Vimefunikwa majani na udongo, kazi ya watu wasio na haraka. Mama Mwajuma aliyekuwa akitafuta kuni ndiye aliyekanyaga kimoja. Ni vya miti mikubwa, ambayo watu wawili hawaikumbatii. Kijiji kizima kinaniangalia mimi.

3 Mei

Nimewasilisha ripoti kwa mwenyekiti. Sikuongeza neno. Wiki ya Hamza Shemdoe: saa zote zimenaswa, hakuna pengo, hakuna msumeno. Wiki ya Valentino: pengo la siku mbili.

Mwenyekiti aliisoma mara mbili, akaweka miwani mezani. Kabla sijafika nyumbani habari ilikuwa imefika. Mzee Valentino amesimamishwa. Mkutano wa kijiji wa tarehe 31 utaamua. Ukimtia hatiani atatoka kwenye nyumba ya mlinzi na familia yake, na jina lake litapelekwa wilayani.

Nilisema kwamba alikuja mwenyewe kunitaarifu kuhusu betri. Baba akanijibu kwa upole, "Mwizi mwenye akili huja kutoa taarifa, mwanangu. Wewe umesema kilichomo kwenye mashine. Inatosha."

5 Mei

Soko la Soni. Perpetua alikuwa kwenye karoti zake. Nilimsalimia, akaendelea kupanga mafungu.

"Perpetua."

"Karoti fungu elfu moja. Au umekuja kuhesabu?"

"Mimi nimeandika kilichokuwemo tu."

"Baba yangu betri imemfia mkononi, akatembea kwenye matope kuja kukuambia. Angekuwa mwizi si angenyamaza?" Wateja walianza kugeuka. "Nikuulize, msomi. Hizo sauti za wiki ya baba yako, umezisikiliza kwa masikio yako, au kompyuta ndiyo imekusikilizia?"

Nilinunua karoti nisizozihitaji. Alinipa na nyongeza, kama anavyompa mtu asiyemjua.

6 Mei

Mvua.

7 Mei

Mvua. Sijasikiliza. Nani husikiliza saa zaidi ya themanini za majani?

10 Mei

Kuna kitu kilichokuwa kinanikera tangu mwanzo, na ninaandika hapa kwamba nilikiona nikakiacha. Kila faili huanza na mkwaruzo. Mfupi kuliko kupepesa jicho, kama ukucha kwenye karatasi, halafu ndiyo msitu unaanza. Niliamini ni ubovu wa kinasa kinapoamka. Lakini nimeifungua mikwaruzo kumi na kuilinganisha. Inafanana karibu yote. Ubovu haufanani hivyo.

13 Mei

Naandika kwa utaratibu.

Asubuhi niliamua kufanya lile nililoahidi kufanya baadaye. Niliyaondoa yale maneno ya naamini endelea, moja baada ya jingine, nikaiacha Rust iniulize maswali yake yote nami niyajibu. Swali moja lilinisimamisha. Mimi niliruka baiti arobaini na nne bila kutazama, kwa sababu faili nyingi za aina hii ziko hivyo. Lakini faili hizi zimejengwa kwa vipande. Kila kipande kina jina la herufi nne na urefu wake, na msomaji mwaminifu husoma jina, husoma urefu, ndipo huamua kuruka au kuingia. Mimi nilikuwa nimekwenda moja kwa moja nilikodhani sauti ipo.

Nilipolifanya hilo ipasavyo, programu ilikuta kipande nisichokijua kikiwa kimekaa kabla ya sauti. Nikakichapisha, safari hii kama herufi.

Yalikuwa maneno. Kinasa huandika barua fupi mwanzoni mwa kila faili, kwa Kiingereza cha mashine: saa, tarehe, namba yake, nguvu ya betri, na nyuzi joto mahali kilipo. Wiki zote hizi nilikuwa naipiga barua hiyo kama sauti, ikinikwaruza sikio.

Nilifurahi, Mungu anisamehe. Niliandika mistari michache ya kuzikusanya barua zote kwenye orodha, nikamwita Mama aje aone jinsi msitu ulivyo na baridi. Kumi na nne. Kumi na tatu. Kumi na nne. Kumi na tano. Mama alisema ndiyo maana viatu vya Baba havikauki.

Kisha 17 Aprili, saa nane mchana: ishirini na sita. Saa tisa: ishirini na nane. Kesho yake, saa nane: ishirini na saba. Saa tisa: thelathini na moja.

Asubuhi ya 19, kumi na nne tena.

Wiki ya Mzee Valentino hakuna hata saa moja iliyovuka kumi na sita, mpaka betri ilipokata roho. Na betri ilikuwa imeandika inavyozidi kuchoka, saa kwa saa, kama mgonjwa anayesema ukweli.

Msitu wetu haufiki nyuzi thelathini na moja hata Januari. Nilijiambia kipimo kimeharibika. Mama alikuwa amerudi kwenye moto wake. Nikavaa spika za masikioni nikafungua faili ya tarehe 18, saa tisa.

Mvua ya msituni hujichuja, hushuka kwa zamu kutoka jani hadi jani. Niliyoisikia ilikuwa inagonga. Ilikuwa mvua juu ya mabati. Chini yake kuni zikipasuka, kifuniko cha sufuria kikitetemeka. Halafu msichana akapiga kelele za furaha, na mwanamke akamwambia asogeze sufuria.

Niliisikiliza mpaka sentensi ile. Kumbe sikuhitaji kuiandika. Ilikuwa imeandikwa, sampuli kwa sampuli, juu ya kichwa changu.

Nilipovua spika Mama alikuwa anatazama moto.

"Ulijua?"

"Nilikiona darini. Nikakifunika na kanga kisiingie moshi." Akachochea kuni ambazo hazikuhitaji kuchochewa. "Ni kitu chako. Sikutaka kiharibike."

14 Mei

Baba alirudi adhuhuri, akatia udhu, akaswali. Nilimsubiri amalize. Niliweka kompyuta mbele yake, nikamwachia mvua ya jikoni kwetu. Aliitambua kabla ya sauti yake kufika. Niliona jinsi alivyoinamisha shingo.

"Mimi sikukata," akasema.

"Nani alikata?"

"Watu. Waliniambia siku mbili nisiwe na macho. Na kile kidude kina masikio. Nikasema nikikizima, Shamsa ataliona pengo. Si ulinifundisha mwenyewe?"

Alisema hivyo karibu kwa majivuno, kama mwanafunzi aliyefaulu.

"Na Mzee Valentino?"

"Valentino sikumpangia mimi. Betri yake ilikufa kwa amri ya Mungu."

"Lakini umemwacha abebe."

"Valentino ana kwao." Akaanza kukunja mkeka. "Kwao Songea. Akitolewa hapa ana pa kurudi. Mimi nikitolewa, narudi wapi?"

"Amezaliwa hapo Mponde, kwenye mashamba ya chai, Baba! Ni babu yake Perpetua aliyetoka Songea kuja kuchuma chai. Mzee Valentino hajawahi hata kuiona Songea."

Akaweka mkeka pembeni. Nikauliza lile nililokuwa naogopa.

"Ulinitaja kwenye kikao ili iwe mimi? Ulitaka ripoti iandikwe na mimi?"

"Kadi zingeenda Dar, zingesikilizwa na mtoto wa mtu mwingine," akasema. Hakuwa na hasira, hilo ndilo linaloniuma. "Mtoto wa mtu mwingine ningemwogopa. Wewe unaniamini."

15 Mei

Nimehamisha vitabu kutoka kwenye meza. Naandikia gotini. Chumba bado kinanukia.

17 Mei

Mvua.

19 Mei

Mama amekaa ukingoni mwa kitanda changu, jambo asilolifanya. "Baba ni baba, Shamsa. Ukimvua nguo barabarani, na wewe utatembea uchi." Nikamuuliza, na Perpetua atatembea na nini? Akanyanyuka.

22 Mei

Nimejaribu kumchukia Baba siku nzima. Jioni ameniletea mahindi ya kuchoma, akayaweka mlangoni bila kubisha. Nikayala.

26 Mei

Nimefikiria kuandika tu kwamba "kuna hitilafu ya kiufundi." Valentino angepona, na Baba pia. Hitilafu ingebebeshwa kinasa. Niliiandika sentensi hiyo mara tatu. Ni safi kabisa, na ni ya aina ile ile ya ripoti yangu ya kwanza. Kisha kungebaki visiki vitatu, kijiji kingeendelea kumwangalia Valentino kama mgeni, na mwakani Baba angejua kwamba ninaweza kusema uongo kwa lugha ya kitaalamu.

28 Mei

Perpetua na mama yake wameanza kufunga vyombo. Nimewaona nikipita. Kuku wao wamefungwa miguu tayari.

31 Mei

Mkutano ulikuwa shuleni kwa sababu ya mvua. Nilimwomba mwalimu spika ya shule. Baba alikaa mbele na walinzi wenzake wa kijiji cha jirani, kofia gotini. Mzee Valentino alisimama peke yake mlangoni, kama mtu ambaye hajui kama amealikwa.

Mwenyekiti akasema, "Binti Shemdoe, tusomee tena ripoti yako, watu wasikie."

Niliwaamkia wazee. Nikasema, "Ripoti yangu ina kosa. Kosa ni langu. Nilizisoma faili hizi vibaya, niliruka mahali palipoandikwa mambo." Nikaeleza nyuzi joto kwa ufupi, kisha nikasema, "Hii ni tarehe 18 Aprili, saa tisa alasiri. Hivi ndivyo msitu wetu ulivyosikika."

Nikabonyeza.

Mvua ikajaa darasani, mvua ya Aprili juu ya mvua ya leo. Kwa muda hakuna aliyetofautisha. Kisha Mama Mwajuma, yule aliyekanyaga kisiki, akainua kichwa.

"Subhanallah! Msitu umeezekwa lini mabati?"

Darasa zima likacheka. Hata mwenyekiti. Hata Mzee Valentino alitabasamu mlangoni bila kutaka. Walikuwa bado wanacheka Mama yangu alipowaambia, kutoka kwenye spika, wasogeze sufuria. Kicheko kikapungua upande mmoja, kisha mwingine. Waliobaki wakanisikia nikicheka peke yangu, nikijisifu kwamba hakuna atakayekata mti pale nisijue.

"Nani atakudanganya wewe, mwanangu?"

Nikazima.

Sikumtazama. Nilisikia benchi likilia. Baba alikuwa amesimama, ameshika kofia kwa mikono miwili.

"Sauti ni yangu," akasema.

Mengine niliyaona kama kwa mbali. Mwenyekiti akiandika. Watu wawili wakitumwa nyumbani kwetu kuchukua meza, kwa sababu Baba mwenyewe aliwaambia kuna meza. Mzee Valentino alipita mbele, akasimama mbele ya Baba, nikadhani atampiga. Akasema tu, "Hamza, mimi nimekula kwako Idi." Akatoka.

Perpetua alikuwa chini ya upenu na kuku wake. Nilimwambia anisamehe. Alimfungua kuku mmoja miguu taratibu, uzi kwa uzi.

"Ulijua tangu lini?"

"Tarehe kumi na tatu."

Akahesabu kwa midomo. "Siku kumi na nane," akasema, akamfungua wa pili.

8 Juni

Hakuna mvua siku ya nne. Mama ameshusha kuni zilizobaki darini, akafagia masizi. Baba ameitwa wilayani mara mbili. Anaondoka asubuhi, anarudi, anakula, haongei nami, nami siongei naye. Tunapishana mlangoni na kila mmoja anampisha mwenzake.

Mzee Valentino amerudi kwenye zamu. Ameniletea kadi ya wiki, ameikunja kwenye karatasi ya daftari. Nimeisoma yote, kila kipande kwa jina lake. Nyuzi kumi na mbili, kumi na mbili, kumi na tatu. Kisha nimeisikiliza, kwa masikio. Ni kazi ya siku nyingi. Nimefika Jumanne.

Kuna faili moja ambayo mwenyekiti ameshapewa nakala yake, na mradi pia, na mimi sina sababu ya kuendelea kuitunza. Inakula megabaiti mia na kumi na tano kwenye kompyuta isiyo na nafasi. Leo niliifungua ili niifute. Nikaisikiliza kwanza. Yule msichana anapiga kelele, anasogeza sufuria, anacheka. Sauti haikubanwa hata kidogo, kila kitu kiko vile kilivyokuwa. Unasikia wazi kwamba anamwamini.

Sikuifuta.